Miguu Ambayo Sikuiona

Kuna Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo masikio yanapata moto. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa mjini Machakos, watu kama kumi na watano wananipigia makofi, na mimi natabasamu utadhani bibi harusi. Walikuwa wananishangilia kwa sababu ya ndege adimu niliyemwona. Katika chumba kile chote, mtu mmoja tu alijua kwamba ndege huyo sikumwona, na mtu mwenyewe alikuwa ni mimi.

Usinicheke bado. Ngoja kwanza nikueleze nilifikaje pale.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwishoni mwishoni. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, mwalimu asiye na cheti katika shule ya msingi karibu na Katangi, kule Yatta. Katika kabati la shule palikuwa na kitabu cha picha za ndege, kimeng'oka jalada, wala hakuna aliyejua kimetoka wapi. Nilikiazima kwa ajili ya somo la sayansi. Sijakirudisha mpaka leo, na shule ikikidai niko tayari kwa lolote.

Kitabu kile kilinifungua macho. Chini ya shule kulikuwa na silanga, bwawa la udongo ambalo wanakijiji walilichimba kwa mikono ili ng'ombe wapate maji. Miaka yote nilikuwa napita pale bila kuona kitu ila matope. Nilipoanza kutazama, nikagundua kwamba kila mwaka mwezi wa tatu na wa nne, mvua inapoanza, pale pana wasafiri. Ndege waliokuja huku kukimbia baridi ya Ulaya na Asia huwa wanarudi kwao miezi hiyo, na njia yao inapita juu yetu. Wengine hata hawashuki, unawaona wako juu kabisa wanakwenda zao. Wengine wanatua, wanakunywa, wanapumzika siku mbili tatu, halafu unaamka asubuhi moja hawapo. Mimi mwenyewe nilikuwa sijafika hata Mombasa, na hapo mbele yangu alikuwa amesimama kiumbe aliyevuka jangwa. Nilipenda sana, mwanangu. Hilo nataka ulijue kabla hujasikia ujinga wangu.

Mwenye duka lile la vitambaa alikuwa mjane mmoja Mwislamu aliyeitwa Mama Rukia. Ukoo wao ulitoka Pwani enzi za babu yake, ukaja kufanya biashara Machakos na haukurudi tena. Sijui nani alimtia wazimu wa ndege, lakini alikuwa nao kuliko sisi sote. Ukutani mwa kile chumba cha nyuma alikuwa amebandika ramani kubwa ya sehemu zetu, na sisi waangalizi wake tulimwandikia barua kutoka kila upande: Tala, Masinga, Kivaa, Katangi. Ndege wa kawaida alimchomekea pini ya kijani pale alipoonekana. Ndege adimu alipata pini nyekundu. Jumamosi ya mwisho ya mwezi tulikutana kwake, akatusomea barua zote kwa sauti, moja baada ya nyingine, tukajua nani amepita wapi. Barua ilikuwa ndiyo kila kitu. Hakuna aliyekuwa na kamera, na hakuna aliyeweza kukimbia kutoka Tala hadi Kivaa kwenda kuhakikisha. Ukisema umeona, basi umeona.

Kikundi kilikuwa na darubini tatu, kila moja ikikaa na mwangalizi wa sehemu fulani. Mwaka ule mmoja wao alipata kazi mbali, akairudisha ya kwake. Mama Rukia akatangaza kwamba ataitoa tena kwenye mkutano wa mwezi wa nne, na kila mtu alijua tumebaki wawili: mimi, au Musyoka, fundi wa baiskeli wa Tala. Sijui nikueleze vipi jinsi nilivyoitaka darubini ile. Nilikuwa nakaa kando ya silanga nimekunja uso mpaka kichwa kinaniuma, ndege ni kijidoa tu ng'ambo ya maji, na kitabuni wananiambia nitazame rangi ya jicho. Mara nyingine nililia kwa hasira. Niliamini nikiipata hiyo darubini maisha yangu yatakuwa na maana nyingine, na nisipoipata nitakufa mwalimu wa kuazima pale Katangi, hakuna anayenijua.

Basi Jumatatu moja jioni, baada ya wanafunzi kwenda nyumbani, niliteremka silanga. Ng'ambo, katika nyasi ndefu, alikuwa amesimama korongo mweusi mwenye tumbo jeupe. Moyo ulinilipuka. Nilifunua kitabu. Kulikuwa na korongo wawili wanaofanana namna hiyo. Mmoja ni yule tuliyemwita korongo wa mvua, anayekuja kwetu makundi kwa makundi mvua ikianza, mdomo wake wa kijivu na miguu ya kijivu pia, isipokuwa magoti. Wa pili ni korongo mweusi mwenyewe, msafiri wa kutoka Ulaya, mdomo mwekundu, miguu myekundu, na hakuna hata mmoja katika kikundi chetu aliyewahi kumwona sehemu zetu.

Sasa, mdomo niliuona mwekundu. Lakini jua lilikuwa linazama, na jioni ile hata kuku wa jirani alikuwa mwekundu. Miguu ilikuwa imezama kwenye nyasi. Nilitazama mpaka giza likaanza kuingia, sikuiona.

Nilirudi nyumbani nikaandika barua. Nikaeleza mwili, nikaeleza tumbo, nikaeleza mdomo. Halafu nikafika kwenye miguu, kalamu ikasimama. Barua bila miguu ilionekana ina upungufu, ungeiona na wewe ungesema huyu hana uhakika. Nikafunua kitabu. Nikaandika: "Miguu ni mirefu, myekundu kuanzia juu mpaka chini." Nilitia chumvi hiyo moja tu, mwanangu, na nilijiambia si uongo, kwa sababu kama ndege ndiye, basi miguu lazima iko hivyo.

Asubuhi nilipita kwa Mzee Mutiso nikamsomea. Mzee Mutiso alikuwa jirani wa silanga, na kazi yake ilikuwa kusoma kipimamvua, kile kikopo cha kupimia mvua kilichosimikwa uani kwake. Kila siku saa tatu asubuhi alikitazama na kuandika kwenye daftari gumu, na mwisho wa mwezi alipeleka taarifa kwa watu wa hali ya hewa. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini alipenda kunisikiliza nikipiga kelele za ndege. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Barua nzuri, mwalimu." Nikampa kondakta wa basi la asubuhi aifikishe dukani kwa Mama Rukia.

Jumatano asubuhi nilikuwa nimesimama na Mzee Mutiso uani kwake. Yule korongo akaruka kutoka kwenye nyasi, akapita juu ya vichwa vyetu na kugeuka kuelekea mashambani. Alipogeuka nikaona kiuno chake, pale mgongo unapoishia mkiani. Kilikuwa cheupe. Kitabu kilisema korongo mweusi mgongo wote ni mweusi mpaka mkiani, na mweupe hapo ni korongo wa mvua. Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule mpaka nikaukariri.

"Ile ndege yako imeruka," Mzee akasema. "Umeona?"

"Nimeona, mzee."

"Haya." Akarudi kwenye kikopo chake.

Hapo ndipo nilipokosea, wala si Jumatatu. Alhamisi basi lilikwenda Machakos, na Ijumaa likaenda. Ningeweza kutuma mistari miwili tu: samahani, nimemwona akiruka, ni korongo wa mvua. Sikutuma. Nilijiambia labda ni ndege mwingine. Nilijiambia wawili wanaweza kuwa silanga moja. Unajua mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada, maana anayesaidia na anayesaidiwa wanakaa pamoja.

Jumamosi ikafika, nikaenda mkutanoni. Mama Rukia alisoma barua za wengine kwanza, yangu akaiweka mwisho. Alipofika kwenye miguu akasimama, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena mstari ule ule. Alisema ametazama ndege tangu Rukia hajazaliwa, na korongo huyu amemwona vitabuni tu. Akachomeka pini nyekundu pale Katangi. Wakapiga makofi, hata Musyoka alipiga, na nikavalishwa darubini shingoni.

Kisha akasema, "Jumamosi ijayo nafunga duka. Tunakwenda Katangi."

Watu walishangaa. Mama Rukia alikuwa mgonjwa wa miguu. Inavimba mpaka viatu havimwingii, na alikuwa hajatoka kwenda kutazama ndege kwa miaka miwili. Jumamosi ndiyo siku yake ya wateja wengi. Na sasa alikuwa anafunga duka kwa ajili ya barua yangu. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini nilitabasamu, nikasema karibuni sana.

Jumapili baada ya kanisa niliteremka silanga na darubini yangu mpya. Nilikuwa naogopa kuitumia. Ndege alikuwa pale pale, na safari hii amesimama kwenye matope, hana nyasi ya kujifichia. Nilimwona kama vile ninavyokuona wewe hapa. Uso wake ni wa buluu ya kijivu, mdomo wa kijivu unaoelekea kijani, na miguu ya kijivu. Mekundu yalikuwa ni magoti peke yake. Alikuwa mzuri ajabu, nami sikutaka kumtazama.

Mzee Mutiso akaja, akanyoosha mkono, nikampa darubini. Alikuwa hajawahi kuishika maishani mwake. Alihangaika nayo, akatazama mbingu, akatazama kidole chake, mwisho akampata ndege.

"Nyekundu ni magoti," akasema. "Wewe ulinisomea miguu yote."

"Nyasi ilikuwa ndefu siku ile, mzee."

"Sijakuuliza nyasi. Uliona miguu?"

"Sikuona."

Akanirudishia darubini, akaniambia nimfuate nyumbani. Alitoa daftari lake la mvua, akalifunua katikati. Safu za tarehe zilikuwa zimejaa kwa mwandiko wake mdogo, isipokuwa siku nne zilizofuatana ambazo hazikuwa na kitu.

"Hapa mama watoto alikuwa hospitali," akasema. "Nililala huko na yeye. Mvua ilinyesha Yatta yote, kila mtu aliniambia. Nikarudi nikakuta ng'ombe imeangusha kikopo."

"Si ungekadiria, mzee? Hata kidogo?"

"Ningekadiria. Halafu wewe ukisoma hii kitabu utajua ni siku gani nilipima na ni siku gani nilikadiria?" Akalifunga. "Hawa watu wa hali ya hewa walinipigia kelele kwa sababu ya hizo siku nne. Nikawaambia, sikuwa hapa. Sina kitu ya kuandika."

Nilijaribu kusema kitu kuhusu mwanga mbaya wa jioni. Hapo ndipo Mzee alipokasirika, na sikuwahi kumwona amekasirika kabla ya siku ile wala baada yake.

"Mwalimu, huyo mama anakuja hapa na miguu yake mgonjwa kuangalia kitu haiko. Wewe unajua haiko. Na unakula, unalala!" Akanyoosha kidole kuelekea majini. "Na hii ndege nayo ilikosa nini? Imetoka kwao mpaka kwetu, imetembea hiyo njia yote, halafu wewe unaandika ni nyingine ndiyo imekuja."

Nililia pale pale uani kwake. Nikamwambia nitaandika barua usiku huo huo. Akatikisa kichwa. "Hapana. Barua ulishaandika. Sasa nenda na mdomo."

Ningependa kukuambia nilikwenda kesho yake. Sikwenda. Nilijizungusha wiki nzima, leo kuna mitihani, kesho kuna mvua, na darubini imening'inia kwenye msumari inanitazama. Mwalimu mkuu aliniuliza kama naumwa. Ijumaa asubuhi nilipiga moyo konde, nikaomba ruhusa nikaenda Machakos.

Nilimkuta Mama Rukia anampimia mteja kitambaa cha sare ya shule. Aliponiona uso ulimng'aa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja kutuchukua? Hebu tazama!" Akainua gauni kidogo akanionyesha raba nyeupe, mpya kabisa, kubwa kama za mwanamume. "Rukia kaninunulia. Asema nisije nikateleza kwenye matope yenu nikamwaibisha."

Mwanangu, nimepata misiba, nimezika wazazi, lakini sijui kama kuna kitu kilinichoma kama zile raba. Nilingoja mteja alipe na aondoke.

"Mama, yule korongo siye. Ni korongo wa mvua. Miguu sikuiona, niliitoa kitabuni."

Alichukua kile kitambaa kilichobaki, akaanza kukikunja, pembe kwa pembe, taratibu.

"Umejua lini?"

"Jumatano. Aliruka nikamwona mgongo."

"Jumatano ya kabla ya mkutano?"

"Ndiyo, Mama."

Akakiweka kitambaa kwenye rafu. "Kukosea ndege jioni, hata mimi nimekosea, na si mara moja. Lau ungeniambia Alhamisi tungecheka. Lakini Jumamosi, Mwikali, mimi nimesimama pale nasoma, sauti yanikatika kwa furaha, nawe umekaa wanitazama." Akageuza uso kwenye rafu zake. "Hilo ndilo limenikata."

Nilivua darubini shingoni nikaiweka juu ya meza ya kukatia. Aliichukua, hakunibembeleza. Akanipeleka chumba cha nyuma, akaniambia nitoe ile pini nyekundu kwa mkono wangu. Nikaitoa.

Nilipofika mlangoni akaniita. "Gari nimekwisha kuliomba. Kesho twaja vilevile. Utawaambia mwenyewe."

Na kesho yake wakaja, watu tisa nyuma ya pikapu, Mama Rukia amekaa mbele na raba zake. Nilisimama kando ya silanga nikawaambia yote, kuanzia nyasi mpaka makofi. Nilipomaliza, Musyoka akakohoa.

"Kwa hivyo huyo korongo alikuwa amevaa soksi nyekundu Jumatatu," akasema, "halafu akavua?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilicheka nao, machozi yananitiririka, na sikujua ni ya aibu au ya nafuu. Mama Rukia ndiye pekee ambaye hakucheka. Alikuwa anatazama angani.

Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa kusini, na chini yake kulikuwa na madoa. Madoa yakawa ndege. Korongo wa mvua walikuwa wanakuja, mamia, wanazunguka juu ya mashamba kama makapi yanapopeperushwa, kisha wakaanza kutua. Mwaka ule viwavijeshi walikuwa wamevamia mahindi yetu na tulikuwa tumekata tamaa. Korongo wale wakaingia shamba kwa shamba, wanatembea kwa mistari kama askari wa zamu, wanaokota. Wanakijiji walitoka majumbani kutazama. Mzee Mutiso alivua kofia.

Mama Rukia alikalishwa kwenye kigoda akatugawia kazi, kila mtu upande wake wa kuhesabu. Darubini sasa ilikuwa ya Musyoka, na ilikuwa haki yake. Alihesabu kidogo, akanitazama, akaivua. "Shika hii dakika tano, mwalimu. Mimi macho yangu ya kukaza spoki yanatosha." Sijamsahau kwa dakika zile tano.

Jioni Mama Rukia alimuuliza kila mtu hesabu yake. Zamu yangu ikafika.

"Waliotua mpaka kwenye ule ua nimewahesabu, hawa hapa," nikamwonyesha. "Waliopita nyuma ya kilima sijui. Sikuwaona wakitua."

"Andika hivyo hivyo," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kunitazama usoni.

Hakunisamehe siku hiyo, nisikudanganye. Ilichukua muda. Niliendelea kumtumia barua kila mwezi, bila darubini, na barua zangu zikawa za ajabu, zimejaa sikuona. Jicho sikuliona. Mkia ulikuwa umejificha. Kundi la pili lilipita nikiwa darasani. Baadhi ya wenzangu walinitania kwamba mimi ni mwangalizi wa vitu visivyoonekana. Alizisoma zote kwa sauti, kama za wengine.

Ikapita miaka miwili mitatu, tukaingia miaka ya elfu mbili. Msimu mmoja wa mwezi wa nne, kondakta alinishushia kifurushi kutoka dukani kwa Mama Rukia. Ndani mlikuwa na barua fupi. Binti mmoja wa Kivaa ameandika kwamba amemwona sululu kwenye maji ya Masinga. Sululu ni ndege wa Pwani, mkubwa, wa kahawia, mdomo wake mrefu umepinda kuelekea chini, na huku bara kumwona ni bahati kubwa. "Nimefikiri nimtume nani akamtazame," Mama Rukia aliandika, "nikaona uende wewe. Wewe wajua mtu huanzaje." Chini ya barua, ndani ya kitambaa kilichokunjwa pembe kwa pembe, mlikuwa na darubini, ya mwangalizi mmoja aliyekuwa amezeeka. Mstari wa mwisho ulisema, "Hii usiirudishe."

Nilikwenda Kivaa. Binti aliitwa Kanini, alikuwa analima nyanya na mama yake, na alinipokea akiwa amevaa nguo ya kanisani siku ya kazi. Kabla sijakaa alianza kunieleza sululu, manyoya, mdomo, urefu, bila kupumua. Nilizijua zile sentensi. Hata mimi zamani nilikuwa nimezikariri.

"Kanini," nikamwambia, "pole pole. Niambie kwanza usichokiona."

Akakwama. Alitazama chini, akasugua mguu mmoja juu ya mwingine. Nilimngoja, wala sikumsaidia.

"Mdomo," akasema mwisho, kwa sauti ndogo. "Alikuwa ameuficha kwa mgongo. Alikuwa amelala."

Nilitaka kumkumbatia. Tulikaa kando ya maji siku nzima na mkate na chai ya chupa, ndege hakutokea. Jioni nikampa kalamu, akaandika mwenyewe: ndege mkubwa wa kahawia, miguu mirefu, amesimama majini amelala, mdomo haukuonekana. Alipomaliza aliitazama karatasi kama mtu aliyepoteza kitu.

"Sasa mtanitoa kwa kikundi?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Sasa ndio umeingia."

Kanini ndiye mwangalizi wa Masinga hadi leo, na akiniandikia kwamba ameona, siulizi mara ya pili.

Basi mwanangu, sikiliza ninalotaka kukuambia, kwa maana siku hizi mna simu, mtu anaona kivuli kikipita na kabla kivuli hakijatua ameshakituma kwa watu mia. Sikukatazi kusema. Sema ulichokiona, na usione haya kusema hapa sikuona. Pale usipoona pasijazwe na mtu, awe rafiki au kitabu au hamu yako mwenyewe. Na ukikosea, maana utakosea, rudi siku hiyo hiyo. Ukichelewa mpaka makofi yapigwe, njia ya kurudi inakuwa ndefu sana. Lakini hata ikiwa ndefu, rudi. Mimi nilirudi nimechelewa, na nilikuta watu bado wako.

Na siku kijana mwingine atakapokuja mbele yako na habari kubwa kuliko macho yake, usimvue nguo mbele za watu. Muulize pole pole, umngoje.

Mungu akupe macho mazima na ulimi usioogopa. Akuzungushie watu watakaokuambia ukweli wakiwa wamekasirika na bado wakaja Jumamosi. Safari zako ziwe ndefu, pa kutua pasikose, na kila utakapopita, watakaokuona wakuandike kwa jina lako. Amina, mwanangu.